Wimbo Usio na Mwenyewe

Mwaka jana wakati wa baridi, watu wa mtaa wetu hapa Iyunga walianza kumsalimia Esnath kwa kiganja. Mtu anamwona anakuja na ndoo yake ya maji, anainua mkono, anatabasamu midomo ikiwa imefungwa, anapita. Watu wazima hao, wengine na vyeo vyao kanisani. Ukiwauliza wanakwambia koo linawauma. Mtaa mzima koo linauma, isipokuwa mimi.

Nilikuwa naona aibu kwa niaba yao, ila nisijifanye shujaa hapa. Niliendelea kuongea na Esnath kwa sababu kukaa kimya siwezi, hata ungeniweka chini ya ulinzi. Hofu nilikuwa nayo kama wao, na pengine niliwazidi, maana mimi ndiye niliyekaa naye kila jioni.

Esnath Kalinga ni mtu wa Ilula, kule Iringa, na mpaka leo anatusalimia "kamwene" kama kwao. Aliletwa huku na ndoa, ndoa ikamfia, akabaki na binti mmoja, Goodness, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi hukohuko Iringa. Ndiyo maana mtaani tunamwita Mama Goodness, na kwenye kwaya tunamwita Mwalimu. Kazi yake ni kufuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, ile ya kusukuma kwenda na kurudi. Baridi ya Mbeya unaijua, kazi haimwishii. Nyumba yake inatazamana na genge langu la mboga, kwa hiyo mlio wa ile mashine naujua kuliko saa ya ukutani.

Sasa huyu mtu anatunga nyimbo. Hajasomea popote. Zinamjia, ndivyo anavyosema mwenyewe, na zinamjia kutoka kwenye vitu ambavyo wewe na mimi tunavipita bila kugeuka. Mabehewa ya mizigo yakigongana pale stesheni, anasimamisha mashine na kuinamisha kichwa. Maji yakidondoka kutoka kwenye bati usiku kucha, Jumapili unayasikia kwenye besi. Ila zaidi ya vyote anachukua sauti za watu. Kila mtu, anasema, ana wimbo wake kwenye namna anavyosalimia, na yeye anaufuata tu ulipoelekea.

Kuna wimbo wetu wa sikukuu ya mavuno ambao usharika mzima huwa unasimama na kucheza. Siku moja akaniambia ameutoa kwangu. Nikafurahi, nikajiona mtu. Nikamwuliza ameutoa nilipokuwa nafanya nini. Akasema, "Ulipokuwa unamfokea yule mteja aliyebonyeza nyanya zote akaondoka bila kununua." Tangu siku hiyo nikiuimba kanisani nashindwa kumtazama mchungaji.

Hizo ndizo nyimbo za furaha. Zipo na nyingine.

Kwaya yetu ina desturi ambayo sijaiona kwingine. Mwenzetu akifariki, haimbiwi wimbo wa kitabuni peke yake. Anatungiwa wake. Mwalimu anautunga kwa kufuata sauti ya marehemu, anatufundisha palepale msibani chini ya turubai, kina mama wakimenya viazi, na kesho yake tunauimba kaburini mara moja tu. Ukishaimbwa hauimbwi tena, umekwenda na mwenyewe. Na kwa sababu hiyo, wimbo wa msiba haufundishwi wala hauguswi mazoezini kabla mtu hajafa. Kufundisha wimbo wa aliye hai ni sawa na kumchimbia shimo huku anakutazama. Hilo halijaandikwa mahali, lakini jaribu kulivunja uone.

Mzee Liberatus, mstaafu wa reli aliyekuwa besi yetu, alipofariki, tulikusanyika tukidhani tutamsubiri Mwalimu hadi jioni kama kawaida. Esnath akaja na wimbo mzima, sauti zote nne. Tukauimba. Mjane aliposikia ule mwanzo, ambao ulikuwa hasa namna mzee alivyokuwa akiita "Jamani, wenye nyumba," akaanguka. Ulikuwa wimbo mzuri kupita kiasi. Baadaye, tukila chakula, mtu akamsifia, akamwuliza ameutunga saa ngapi. Na Esnath, ambaye Mungu hakumpa hata chembe ya ujanja, akajibu, "Ulikuwa unanijia tangu wiki ile ya kipaimara."

Kipaimara kilikuwa kabla mzee hajaugua.

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Niliona vijiko vinasimama hewani. Halafu baada ya Pasaka akafa Mama Aroni, kinara wa sauti ya kwanza, mwanamke aliyekuwa ametembea mwenyewe kwenda sokoni asubuhi. Na watu watatu walikumbuka kuwa wamemsikia Esnath akiimba kwa pua, kwenye mashine yake, kitu kilichofanana sana na Mama Aroni anavyocheka. Hapo ndipo makoo ya watu yalipoanza kuuma. Ikawa mtu akimsalimia Esnath kwa sauti, anahisi amempa kitu ambacho hatarudishiwa.

Ukisikia hivyo ukiwa mbali unaweza kucheka. Ukiwa unaishi hapa hucheki. Neno likishaanza kunong'onwa juu ya mwanamke mjane anayeishi peke yake, halikai kwenye midomo. Linatafuta mikono.

Jioni moja nilifunga genge mapema kwa sababu ya baridi, nikaenda kwake kuota moto. Alikuwa anafuma sweta la bluu, amevaa viatu vya plastiki vya marehemu mume wake, vikubwa, vidole vyote nje. Nikamtania kuwa sasa amekuwa baba mwenye nyumba. Akacheka, akasema vyake vimembana siku hizi. Nikakaa karibu na jiko, na mashine ikaendelea kwenda na kurudi, na yeye akaanza kuimba kwa pua bila kujua.

Ulianzia chini. Ukapanda kidogo, ukasimama. Ukapanda tena, ukasimama kabla ya kufika pale sikio lilipotaka ufike. Halafu, kama mtu aliyechoka kusubiri, ukashuka wote kwa mkupuo. Akarudia. Vilevile, na vituo vyake palepale.

Zile za furaha zinamjia vidoleni, unamwona anagongagonga meza. Huu alikuwa anauimba bila vidole kugonga chochote.

"Mama Goodness," nikasema, "huo ni wa nani?"

Mashine ikasimama. "Umeusikia?"

"Nina masikio."

Akaweka kiganja kifuani. "Uko hapa tangu mahindi yavunwe. Nikilala upo, nikiamka upo. Lakini sijui wa nani, Mama Brayson. Ule wa mzee nilijua ni wa mzee, sikujua tu kuwa atakufa. Wa Mama Aroni hivyohivyo. Huu namtafuta mwenyewe simpati. Kila anayepita hapo nje namsikiliza, na siku hizi watu hawaongei."

"Acha kuuimba."

"Siuimbi. Unajiimba."

Nilitaka kuinuka nikaondoka, lakini nikainama kuchochea jiko. Yeye alikuwa anatazama sweta lake kama limefumwa na mtu mwingine. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu ungedhani anauliza bei ya karoti. "Niambie kweli. Hivi mimi ndiye ninayewaua?"

Nikamwambia asiseme upuuzi. Nilisema haraka mno, na nadhani alisikia jinsi nilivyosema, maana yeye anasikia kila kitu.

Sasa nisikilize usiku wangu ulivyokuwa. Mume wangu Asukile anachomelea mageti, karakana yake iko njia ya kwenda Mbalizi. Alirudi, akanawa, akakaa mezani, akasema, "Mama Brayson," akakohoa kidogo, "nipe," akavuta pumzi, "chumvi."

Kijiko kiliniponyoka.

"Hebu sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Kama ulivyosema."

"Nipe chumvi ya nini tena, wakati umeishika mkononi?"

Hiyo ya pili aliisema moja kwa moja, lakini mimi nilikuwa nimeshaisikia ya kwanza. Ilipanda, ikasimama, ikapanda, ikasimama, ikashuka. Alipolala nikabaki nimekaa kitandani namsikiliza anavyopumua. Kila alipochelewa kuvuta pumzi, yangu nayo ilikatika. Nimeolewa na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Simwambii maneno matamu, tabia yangu ndiyo hii, lakini usiku ule nilijua kuwa akiondoka mimi nitakuwa mtu wa kukaa tu, kama zile nyumba za reli zisizo na mpangaji.

Asubuhi na mapema nikavuka barabara kwenda kwa Esnath hata kabla sijafungua genge. "Ni Asukile," nikamwambia. "Si ndiyo? Sema."

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti na ndoo pembeni. Akanitazama, macho yakajaa maji. "Sijui," akasema. "Labda."

Ningependa angesema hapana. Lile "labda" lilinichoma mpaka nikamwambia kitu kibaya, kwamba kama ni yeye basi asikanyage msibani kwangu, na nikaondoka.

Kumpeleka mwanaume wa Kinyakyusa hospitali wakati bado anaweza kubeba geti mabegani si kazi ndogo. Nililia, nikagoma kupika, nikampigia kaka yake simu Tukuyu. Na yeye, badala ya kwenda hospitali, akaenda karakana kuwachekesha wenzake: mke wangu amechanganyikiwa, anataka nikapimwe moyo kwa sababu yule mwimbaji ana wimbo ambao haujapata maiti. Wenzake hawakucheka. Wakaenda na habari hiyo majumbani kwao.

Kufikia mchana mtaa wote ulijua kuwa wimbo upo na hauna mwenyewe. Hapo ndipo niliona woga wenyewe sasa, si ule wa kuinua viganja. Kila mtu alijipima. Mama mmoja aliyekuwa na uvimbe shingoni, ambao amekaa nao tangu ujana, alilia bila kunyamaza. Vijana wa bodaboda wakahamisha kijiwe chao. Sosthenes, mwenyekiti wetu wa kwaya, akaenda kwa Esnath amevaa koti la Jumapili, akasimama mbali na mlango, akamwambia kwa heshima zote kuwa kamati imeona Mwalimu apumzike kidogo. Alikuwa ameziba mdomo na leso wakati wote huo. Nilimwona kwa macho yangu.

Jua lilipozama, jiwe likapiga bati la Esnath. Dogo tu. Likafuata la pili, ambalo halikuwa dogo.

Nilikimbia mpaka dirishani kwake. Maneno niliyomwambia asubuhi yalikuwa bado yamenikaa kooni, lakini mawe ni kitu kingine. Nikapiga kelele zangu, zile za sokoni, nikataja majina ya wale niliowahisi na majina ya mama zao. Kukatulia. Ndani hakukuwa na mlio wa mashine wala taa.

"Mama Goodness, uko mzima?"

"Nimeziba masikio na pamba," akajibu kutoka gizani. "Sitaki kumsikia mtu yeyote tena. Mpeleke Baba Brayson hospitali. Nakuomba."

Asubuhi yake Asukile alikubali. Alisema anakubali ili nimwache apumue, na kwa kweli nilipata kizunguzungu aliposema neno hilo. Tukaenda hospitali kubwa mjini. Wakampiga picha ya kifua, wakambandika zile nyaya za kupima moyo, wakampandisha ngazi na kumshusha. Mimi nilikuwa benchi la nje nimeshika kofia yake, roho juu, kila mlango ukifunguka nasimama. Ule wimbo ulikuwa kichwani mwangu na sikuweza kuutoa. Nilikuwa nimeujua wote bila kufundishwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alituita wote wawili. "Baba, mapafu yana moshi wa kazi yako. Uvae barakoa ukiwa unachomelea, na sigara uache. Moyo wako ni mzima kabisa."

"Mzima?" nikauliza.

"Mzima, mama."

"Hakuna kitu kingine?"

"Ulitaka tukute nini?" Asukile akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia kuwa na yeye alikuwa ameogopa.

Tukarudi kwenye benchi nikalia mpaka watu wakadhani nimefiwa. Asukile akawa ananipigapiga mgongoni na kuangalia pembeni kwa aibu. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya kusema basi ni wa mtu mwingine, na huyo mwingine shauri yake. Ndipo simu ikalia. Esnath alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Pale benchi kulikuwa na kelele, nikaongeza sauti mpaka mwisho na kuibana simu sikioni.

"Kamwene, Mama Brayson." Akatulia. "Nilikuwa nauliza." Akatulia. "Majibu ya baba yametoka au bado, maana nimekaa hapa sina raha."

Nikausikiliza tena. Halafu tena.

Unajua mtu ukiwa naye kila siku humsikii. Unasikia anachosema, basi. Lakini simu haina uso, haina mikono, haina lile tabasamu la Esnath linalokufanya usubiri. Simu ilikuwa na sauti tupu, na ile sauti ilianzia chini, ikapanda kidogo, ikasimama. Ikapanda, ikasimama kabla ya kufika. Ikashuka yote kwa mkupuo. Vituo palepale. Na nikiwa bado nimeishika simu, vitu vikaanza kunijia kimoja kimoja. Viatu vya plastiki vya mume wake, kwa kuwa vyake vimembana. Ndoo iliyokuwa pembeni yake kwenye kizingiti, ambayo zamani alikuwa akiingia nayo ndani bila kupumzika. Na mito ambayo kwa muda sasa alikuwa akiilundika mitatu kitandani ili alale kama mtu aliyekaa, akaniambia baridi inapanda kutoka sakafuni, na mimi nikamwamini.

Asukile akauliza, "Sasa unalia nini tena, si nimepona?" Nikashindwa kumjibu, na hilo lilimtisha kuliko vipimo.

Niliporudi nilikuta mlango umefungwa. Nikagonga mpaka akafungua. Alikuwa na vipande vya pamba masikioni, akavitoa alipoona sura yangu. Alijua kuna jambo, akadhani ni Asukile, akashika fremu ya mlango.

"Ni mzima," nikasema. "Asukile ni mzima. Kaa chini, Mama Goodness."

Akakaa kwenye kiti cha mashine. Mdomo wangu ambao hauchoki, siku hiyo ulikuwa mzito. Nikatoa simu, nikaiweka juu ya lile sweta la bluu, nikabonyeza.

Ile sauti ikasema kamwene. Esnath akainamisha kichwa kama anavyofanya siku zote. Sauti ilipotulia, yeye akatulia. Ilipopanda, akaanza kuifuata kwa pua, taratibu, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata kitu alichokipoteza. Ujumbe ukaisha. Yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho wa wimbo.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye huyu, nimempata. Ni nani?"

Nikamsogezea simu.

"Mama Brayson, ni nani huyu? Tumwahi."

Watu tulio wengi hatuijui sauti yetu. Nikimsikia yule mwanamke anayefoka kwenye simu yangu hata mimi huwa sikubali kuwa ndiye mimi. Lakini sikuwahi kufikiri kuwa na Esnath, anayezijua sauti za mtaa mzima, yake mwenyewe hakuwahi kuisikia.

"Ni wewe," nikasema.

Alitazama simu. Akanitazama mimi. Akabonyeza mwenyewe, akausikiliza tena kuanzia mwanzo, na safari hii hakuimba. Kisha akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Mama yangu alikuwa anasimama katikati ya kilima," akasema baadaye. "Kule Ilula. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia anahesabu nyumba za watu." Akavuta pumzi, na sasa niliisikia, ikagota njiani na kuendelea. "Kwa hiyo ilikuwa ni pumzi. Mzee Liberatus, Mama Aroni. Nilikuwa nasikia pumzi zao zinavyokatika, nikadhani ni wimbo."

"Ndiyo."

"Sikuwaua."

"Hukuwaua, mama. Hukumwua mtu."

Akalia hapo, na mimi nikalia, na sikujua tunalilia lipi. Ameondolewa mzigo mmoja na kutwishwa mwingine siku hiyohiyo, ndani ya dakika zilezile. Aliniambia anaogopa. Nikamwambia na mimi naogopa. Nikamfunga kanga mabegani, Asukile akatafuta gari, tukarudi kwenye lile benchi.

Binti yule yule daktari alimpima muda mrefu. Mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, alituambia, damu inarudi nyuma, na moyo umetanuka kwa kuhangaika. Miguu ilikuwa imejaa maji mpaka ukibonyeza inabaki shimo. Akasema angekaa mwezi mwingine bila dawa tusingemleta kwa miguu yake. Walimlaza. Goodness akaja kutoka Iringa na masweta yake mawili, akamkumbatia mama yake kwa uangalifu sana, kama mtu anayebeba mayai.

Esnath alirudi nyumbani akiwa na dawa za kumeza maisha yote, na jina lake likiwa kwenye foleni ya upasuaji katika hospitali ya mbali. Sasa uone watu. Habari zilipoenea kuwa wimbo ulikuwa wake, na kwamba alichokuwa anasikia ni ugonjwa, makoo ya mtaa mzima yalipona kwa usiku mmoja. Wakaanza kupita dirishani kwake wakisalimia kwa sauti ndefu, habari za asubuhi Mwalimu, umeamkaje Mwalimu, halafu wanasimama palepale wakimwangalia usoni. Sosthenes alirudi bila leso. Akasalimia mara tatu. Nilimwambia kama anataka kupimwa aende hospitali, hapa ni nyumbani kwa mgonjwa, na nikamsindikiza mpaka barabarani.

Esnath hakuwajibu kwa ubaya. Ila haongezi nyimbo za msiba tena. Amesema akisikia pumzi ya mtu imekaa vibaya atamwambia aende akapimwe, na wimbo utajijua wenyewe. Za furaha bado zinamjia. Juzi alitoa mmoja kutoka kwa kuku wangu.

Kuna jioni moja aliniita, akasimamisha mashine. "Ule wangu," akasema, "inabidi mtu aujue. Siku ikifika, nani atawafundisha? Kaa hapo nikupe sauti zote."

Nikamkatalia. Nilimkatalia kwa ukali, mpaka nikasimama. Nikamwambia wimbo wa aliye hai haufundishwi, desturi yenyewe aliikuta na anaijua, na kama anataka kunichimbisha shimo lake amtafute mwingine. Akarudi kwenye mashine yake. Sikumwambia kuwa ninao wote kuanzia siku ile ya benchi, na kwamba unanijia nikiwa napanga nyanya, nikiwa naosha vyombo, na nikiusikia naweka chini nilichoshika.

Siku hizi daktari amemwambia atembee kidogo kila siku, kwa hiyo asubuhi anavuka barabara kuja kwangu kunywa chai. Mimi nakuwa nimeshaamka na chai iko mezani. Lakini simfungulii. Nasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, namsubiri aite. "Hodi, Mama Brayson, kamwene." Namsikiliza mpaka afike mwisho, na kama amefika bila kusimama, nafungua na kumgombeza kwa kuchelewa. Nadhani anajua, maana hakuna asubuhi aliyoita kwa kifupi.

Leo aliita. "Hodi," akasema. Akatulia. "Mama."

Nilifungua kabla hajamaliza.